Intisar na Babu Kuli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Intisar alipiga sare yake pasi huku baba yake, Taufiq, akinywa chai. Asubuhi hiyo alikuwa na swali. Shule yao ya Changamwe ingeadhimisha Sikukuu ya Mashujaa, na kila mwanafunzi wa gredi ya saba angesimulia habari za mtu wa mtaani au wa ukoo wake aliyepigania haki wakati wa mkoloni.

"Baba, sisi tuna shujaa?"

"Tunaye. Babu yangu Nassor alikuwa kuli bandarini Mombasa. Mwaka 1947 makuli waligoma, naye akagoma."

Intisar akabinua midomo. "Kuli? Mbeba magunia? Si bora ninyamaze!"

"Mseme vile alivyokuwa," baba alimjibu, akaenda kazini.

Siku ilipofika, wazee wa mtaa walialikwa. Mwanafunzi mwenzake, Lavender, alieleza jinsi bibi mmoja jirani yao alivyowapelekea maji makuli waliogoma.

"Maji tu!" Intisar akacheka waziwazi. Zamu yake ilipofika, akatunisha kifua. "Babu yetu Nassor alikuwa jemadari. Aliua askari saba wa mkoloni kwa bunduki yake, papa hapa Changamwe!"

Wanafunzi wakashangilia. Kwenye viti vya wageni, ajuza mmoja akafyonya kwa nguvu. Alikuwa Bi Kafedha, mwenye umri unaokaribia miaka tisini.

"Nassor yupi? Yule kuli jirani yetu? Bunduki aliipata wapi, mwanangu? Hata viatu hakuwa navyo!"

Watu wakaangua kicheko. Machozi yakamlenga Intisar.

"Nisamehe, bibi. Nimesema uongo. Niliona haya kwamba alikuwa kuli."

"Haya ya nini? Wakati wa mgomo, msimamizi wa bandari alimjia mlangoni, akamwambia arudi kazini afanywe mnyapara. Watoto wake walikuwa ndani wanalia njaa. Nassor akamjibu, 'Wenzangu wakirudi, nitarudi.' Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nikamsikia kwa masikio yangu. Leo wewe unamfukia mtu huyo chini ya bunduki ya uongo!"

Mwalimu Randu akamruhusu Intisar aanze upya. Kwanza alimtaka Lavender radhi. Kisha akasema, "Babu yetu Nassor alikuwa kuli." Akasimulia yote aliyoyasikia, bila kuongeza neno.

"Hivyo ndivyo," akasema Bi Kafedha. "Uhuru huu ulibebwa na wachukuzi wa magunia na wachota maji. Anayewaonea haya asisimame mbele za watu kuwasemea. Na anayewapenda, awaseme kwa kweli. Uongo hauwaongezei kitu."