Swali la Saba kwenye Fomu ya Baba

Mama Shiku, ambaye mumewe ni bawabu ghalani, alidai kwamba jana Mukhwana alifika kazini hapo ghalani amelewa. "Foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, ilimpigia honi mara tatu, jamaa amesimama tu kama mlingoti! Nusura imkanyage. Wakamfukuza," alisimulia huku akifua bombani, hapo kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga, mtaa wa Baba Dogo, Nairobi.

Nekesa, binti wa Mukhwana, alikuwa akiteka maji kama kila Jumamosi. Mtungi ulijaa, ukamwagika.

Baba hakuwa amelewa. Hakusikia. Mashine za kiwanda cha misumari alikofanya kazi zamani zilimharibu masikio, na tangu hapo kila lango la eneo la viwanda, Industrial Area, lilimkataa. Hata jana hakujua alilaumiwa kwa kosa gani. Aliona tu mkono ukimwonyesha geti.

Kazi hiyo ya ghalani alitafutiwa na kikundi anachokiongoza mama Waringa, kinachowasaidia watu waliokataliwa kwingine: walemavu, waliotoka jela. Baba hajui kusoma, kwa hivyo Nekesa alimjazia fomu. Swali la saba liliuliza, "Ana ulemavu gani?" Nekesa aliogopa baba angekataliwa tena, akaandika, "Hana." Kwa kuwa Baba amezoea kutazama midomo ya watu, Waringa hakutambua.

Nekesa aliuacha mtungi, akakimbia hadi ofisi ya kikundi. Waringa alikuwa akipanga mafaili.

"Anti, usimtoe baba kikundini!"

"Nekesa, tunajiunga na mtandao wa vikundi kama hiki vya jiji zima. Jumatatu wanakuja kutukagua. Nitawaelezaje kuhusu mlevi aliyefukuzwa ghalani?"

"Hakulewa. Hasikii. Mimi ndiye niliyeficha."

Waringa aliweka kalamu chini. "Hasikii? Na mimi nikampeleka kwenye foklifti!" Alivuta faili la Mukhwana. "Ulitaka baba apate kazi. Ungekosa kazi, na baba pia."

Alimpa fomu mpya. Nekesa aliandika huku machozi yakimtoka. Waringa akampigia simu msimamizi wa ghala, wakakubaliana: Mukhwana arudi, awekwe kwenye meza ya kufunga katoni, na Obonyo, mfanyakazi mwenzake, amguse bega kengele ikilia.

"Swali hilo si la kumwaibisha mtu," Waringa alisema. "Ni la kutuonyesha atakuwa salama wapi. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Usisahau."

Nekesa alirudi bombani. Mama Shiku alikuwa bado anafua.

"Mama Shiku, baba hakulewa. Hasikii, na mimi ndiye niliyedanganya. Ile habari uliwaambia watu wa ploti. Tafadhali, waambie na hii."

Mama Shiku alikamua shati, akalikung'uta, akalianika kambani. Kisha akachukua lingine, kana kwamba ni yeye asiyesikia.