Bahasha Iliyolowa

Wakati wa vita, shangazi wa jirani yetu mmoja alikuwa mkaguzi wa barua pale posta. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Unaishika bahasha juu ya mvuke wa birika, gundi inalegea, unaifungua kwa kisu butu, unasoma kama kuna siri za jeshi, unaifunga tena na kuigonga muhuri. Saa nne birika hilohilo liliwapikia chai. Binadamu huzoea lolote.

Barua za mchumba wake, fundi saa, alizipitisha bila kuzifungua. Mapenzi ni kikohozi, ofisi nzima ilijua na ilimtania. Bahasha zake hazikuhitaji hata kusomwa jina: fundi alizilamba kama mtoto anayemaliza sahani, zikafika zimejikunja. Enzi hizo shangazi huyo, bado binti, alikuwa akicheka.

Siku moja bahasha ya fundi ilikuwa na jina la mwanamke mwingine. Wivu ukampanda. Akaiweka juu ya mvuke.

Mapenzi hayakuwamo. Ilikuwamo karatasi nyembamba, imeandikwa daraja, siku na saa ambayo kikosi cha mdogo wake binti, askari, kingevuka. Hayo mdogo mtu aliyasema mezani kwao, alipokuja likizo, akimwamini shemeji yake. Kumbe shemeji alikuwa akiwauzia adui siri.

Damu nzito kuliko maji. Binti akaipeleka karatasi kwa mkuu wake. Jumatano fundi akakamatwa, Ijumaa asubuhi akauawa kwa risasi. Binti alilia mpaka macho yakavimba, kwa kuwa alimpenda, na alijichukia kwa kumpenda mtu wa namna ile.

Jumatatu akakuta bahasha mezani. Jina lake. Mwandiko wa fundi.

"Itakuwa ilichelewa njiani," alimnong'oneza mwenzake wa meza ya pili.

Mwenzake akaigusa, akaurudisha mkono upesi. "Imechelewa vipi, dada? Mbona bado mbichi?"

Haikuwa gundi. Yalikuwa mate. Mazito, ya uvuguvugu, yakivutika kama bamia. Ndani hamkuwa na kitu, ila harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa jivu, akanawa kwa mafuta ya taa. Vidole viliendelea kunata. Tangu hapo chai ya ofisini ikamshinda.

Jumanne ikaja nyingine. Jumatano nyingine. Hiyo ilikuwa na unywele mmoja wa sharubu, umeganda kwenye ute. Akatapikia droo.

Lililomtia nguvu ni moja tu: daraja lilivukwa, na mdogo wake alikuwa hai. Kwa ajili hiyo angevumilia hata mate ya maiti. Barua ya mdogo wake ilipofika Alhamisi, aliibusu kabla hajaifungua.

Midomo ikanata.

Akaisoma amesimama.

"Dada, tulivuka salama, usiwe na wasiwasi. Ila nimeshikwa na homa, kinywa kimekauka, hata mate ya kufungia bahasha sina. Nashukuru shemeji amekuja kuniuguza. Hasemi neno, lakini bahasha ananifungia yeye. Amelala kitanda cha pembeni. Mimi nakonda, yeye ananawiri. Kitu kimoja tu sikielewi: kila asubuhi naamka uso wangu wote umelowa."

Alikimbilia chumba cha simu bila viatu. Akamsihi mkuu wake apigie kambi, wamhamishe mdogo wake, wamfungie mlango, wasimwache peke yake hata dakika moja. Mkuu akapiga. Akasikiliza. Akampa binti mkono wa simu.

Aliyekuwa upande wa pili ni mganga wa kambi. Aliongea polepole.

"Pole, dada. Ametutoka alfajiri. Mwili umekauka kama ubao."

"Na uso?" binti akauliza.



"Uso tunaufuta tangu asubuhi. Unalowa tena."