Pua Yangu, Mkono wa Mume Wangu na Ile Pafyumu ya Ngozi na Lavenda

"Haya, chagua. Ipi ni yako?"

Madamu, bosi wetu, alinishikia vipande vitatu vya karatasi mbele ya watu kama sitini. Simu zote juu, zinarekodi!

Kimoja kilikuwa na pafyumu yangu, niliyoihangaikia mwaka mzima. Viwili vilichovywa kwenye vitu vingine tu.

Nikanusa cha kwanza... hamna.

Cha pili... hamna kitu!

Cha tatu nilikivuta mpaka karatasi ikanigusa pua. Jamani, hata ningenusa ukuta ingekuwa hivyo hivyo.

Nikabahatisha. "Hiki hapa."

Madamu akakigeuza, akasoma maandishi ya nyuma.

"Siki."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akamwaga juisi yake.

Halafu nikasikia sauti ninayoijua kuliko ya dada yangu wa tumbo moja.

"Madamu, si nilikwambia? Huyu hasikii harufu. Mwezi wa nne sasa! Mwekee hata soksi chafu, atakwambia ni waridi."

Aliyesema ni shoga yangu. Shoga wa kufa na kuzikana.

Madamu hakupandisha hata sauti. "Vua aproni. Mpe mwenzako. Kuanzia leo pafyumu ni yake."

Nikavua mbele ya watu wote. Kifundo cha kamba kikagoma kufunguka. Shoga yangu akaja kunisaidia kukifungua... huku anatabasamu.

Sasa ngojeni niwaeleze nilifikaje hapo. Na msikimbilie kunionea huruma, mtaijutia.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchanganya manukato. Kazini waliniita Pua. Ungeingia ofisini nikakwambia umekula nini, umepanda gari la nani, na kama umegombana na mwenye gari.

Shoga yangu tulimwita Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima. Mimi naandika matone mangapi ya hiki na kile, yeye anapima. Miaka sita tumekaa meza moja, tunakula kwenye bakuli moja.

Mume wangu ni fundi ngozi. Anashona mikoba, mikanda na majaketi kwenye kibanda chenye mlango wa chuma. Mpole huyo! Hata nikimgombeza ananyamaza kwanza, ndipo ajibu.

Ile pafyumu niliitoa kwake. Kuna asubuhi moja ya baridi alinikumbatia akiwa na jaketi alilotoka kulimaliza. Nikasikia ngozi mpya, na ndani yake ile lavenda, maua makavu ya zambarau, ninayomwekea kabatini kufukuza nondo wanaokula nguo.

Nikasimama pale pale kama nimepigwa shoti. Nikajua hii ndiyo kazi ya maisha yangu.

Lavenda inatangulia, safi, ya ubaridi kidogo. Halafu ngozi inakuja polepole, ina moshi kwa mbali. Haipigi kelele. Ni ya msimu wa baridi, ya kukaa kwenye skafu, mtu aisikie akishakukaribia tu.

Nilipomaliza kuitengeneza, nikashikwa na mafua.

Mume wangu akarudi na kichupa cheusi cha matone. "Inua kichwa, mke wangu. Nimeambiwa hii ni kiboko ya mafua."

Ilichoma hadi machozi!

"Vumilia," akaniambia, ananifuta mashavu. "Dawa kali ndiyo dawa."

Siku tisa, asubuhi na jioni, alinitilia kwa mkono wake.

Siku ya kumi mafua yakaisha. Na harufu zikaisha. Zote! Sabuni, chai, petroli, nywele za mume wangu. Dunia ikawa kama picha ya ukutani.

Nikamwambia yeye peke yake. "Nakuomba usimwambie mtu. Nitafukuzwa."

"Siwezi," akasema.

Kwa hiyo pale ukumbini, nilipovuliwa aproni, kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Aliyejua ni mmoja. Ndiye aliyenichongea!

Na kama siri ameitoa, ile dawa yake je? Nikaenda nyumbani moja kwa moja, nikakichukua kile kichupa, nikakipeleka hospitali kwa daktari wa pua.

Baada ya siku tatu akaniita.

"Nani alikutilia hiki kitu?"

"Mume wangu."

Akanitazama kwanza. "Mama, hii siyo dawa. Ni kemikali kali, ya kusafishia vitu. Imekuunguza kule ndani. Harufu hazitarudi."

"Ni kama zile wanazotumia mafundi ngozi?"

"Inawezekana..."

Inawezekana! Hilo neno moja likanitosha.

Saa nne asubuhi nilikuwa kibandani kwake. Alikuwa anakata ngozi, ana chaki sikioni. Aliponiona akatabasamu.

Nikamzaba kibao.

"Umeniua pua!"

"Nini? Mke wangu, subiri, ile dawa alinipa..."

Kibao cha pili.

"Nisikilize! Alinipa..."

Cha tatu! Nikatoka nje napiga yowe mtaa mzima usikie. "Njooni! Huyu kanitilia sumu! Kanitilia sumu puani nikiwa nimelala mgonjwa!"

Watu hawakuuliza mara mbili. Mafundi wenzake wale wale wanaokunywa naye chai ndio waliotangulia. Ngumi, mateke, mikanda aliyoishona mwenyewe. Akajaribu kujivuta arudi ndani, mkono wa kulia ukabaki mlangoni...

Wakausukuma mlango wa chuma.

Ule mlio siwezi kuuandika.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne, mikono kifuani. Angekuwa mwingine angepiga kelele waache. Mimi sikusema waache. Nilisema, "Mara nyingine!"

Wakarudia.

Someni vizuri. Hilo neno lilitoka mdomoni mwangu mimi.

Polisi wakaja, wakambeba hivyo hivyo alivyo. Mimi nikaandikisha maelezo, kurasa mbili, nikaweka sahihi. Niliposikia yuko hospitali amefungwa pingu kitandani, nilikula vizuri siku hiyo.

Kesho yake mchana, hodi. Mizani!

Amependeza, kavaa skafu mpya. Mkononi ana chupa ya ile pafyumu yangu, sanduku zuri, utepe wa zambarau.

"Nimekuletea zawadi, shoga. Imeingia madukani leo."

"Toka kwangu."

Akaketi. Akafungua chupa, akajipulizia, akajinusa mkono polepole, macho kayafumba, kusudi nimwone.

"Tamu sana. Pole, nilisahau."

Nikaenda kumfungulia mlango.

"Nasikia umemvunja mkono fundi wa watu," akasema. "Kwani hakukwambia ile dawa nilimpa mimi?"

Nikauachia mlango.

"Nilimkuta kibandani, nikamwambia mpelekee mgonjwa wetu. Akanishukuru mpaka akanishonea pochi bure! Ni ile ile tunayosafishia mirija kazini, shoga. Umeishika kila siku kwa glavu. Hukuifikiria?"

Alinipa... Alinipa... Mume wangu alikuwa anajaribu kumtaja!

Na ndiyo maana Mizani alijua kwamba sisikii harufu. Hakuambiwa na mtu. Alisababisha mwenyewe!

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Miaka sita napima matone, sifa zako. Nilichoka." Akasimama, akajirekebisha skafu. "Nenda kashtaki basi. Si umeshaandikisha kwamba ni mumeo? Mtaa mzima shahidi. Nani atakusikiliza leo ukija na jina lingine?"

Nilienda. Nilikimbia na kandambili za bafuni!

Askari alinisikiliza huku anachezea kalamu. "Jana mume, leo rafiki. Keshokutwa utatuletea mama yako?"

Mizani akaitwa, akakana, akalia machozi ya kweli. Kichupa hakina lebo. Shahidi ni mume wangu tu, naye ndiye mshtakiwa. Akaenda zake. Madamu naye akasema kampuni haitaki kelele msimu huu.

Mume wangu walimwachia baada ya mimi kufuta maelezo yangu kwa kuapa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunji tena. Hawezi kushika sindano, wala mkasi.

Wengi mnasubiri nimalizie kwamba Mizani kapata ajali, au kafukuzwa, au kawa chizi anaokota makopo. Hapana. Yuko vizuri. Picha yake iko kwenye bango.

Mume wangu alikuja mara moja kuchukua nguo zake. Nilipiga magoti sebuleni, nikasema yote ya kusema. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Hakunikatiza hata mara moja.

Nje kulikuwa na baridi. Akavaa jaketi, akajaribu kufunga zipu kwa mkono wa kushoto. Ikagoma. Akajaribu tena. Ikagoma.

"Nisaidie," akasema, anaangalia pembeni.

Nikamfungia hadi shingoni. Kichwa changu kilikuwa kifuani pake kabisa. Nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote...

"Asante," akasema, kama unavyomshukuru mtu uliyepishana naye ngazini. Akabeba begi kwa mkono wake mzima, akaondoka. Hajarudi.

Ndugu zangu, adui yangu aliniibia pua tu. Mume niliyekuwa naye nilimwangamiza mwenyewe, kwa sababu nilishindwa kungoja neno moja. Mtu akikwambia "nisikilize," funga mdomo, kaa chini, msikilize hata kama moyo unawaka moto. Ukimaliza kumsikia ndipo uamue.

Matusi yenu kwenye maoni nitayasoma yote. Nawaomba jambo moja tu, msinipe pole.