Ng'ombe Sita wa Naipanoi

Lukresia alikuwa anapukuchua mahindi uani, daftari lake la sheria likiwa wazi juu ya gunia, mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mama wa Kimaasai, vumbi mpaka magotini. Pale Mbulumbulu hakuna aliyemjua.

"Wewe ndiye mama wa sheria?"

Valeriani, mume wa Lukresia, alicheka huku akinoa jembe. "Bado anasoma, mama. Kwa sasa anafanyia mazoezi kwangu, na kesi zote nashindwa mimi."

Lukresia alimpa mgeni kigoda na uji. Jina lake Naipanoi, mjane wa Endulen. Alikuwa amepanda lori lililokuwa likirudi baada ya kupeleka mahindi kwao.

"Mume wangu aliponioa alinigawia ng'ombe wa nyumba yangu," alisema. "Sasa wako sita. Alipofariki, shemeji yangu Moloimet akawaswaga wote bomani kwake. Nikamshtaki mahakama ya mwanzo."

"Hakimu alikuuliza nini?"

"Kama nina la kusema. Nikanyamaza. Shemeji yuko pale, wazee wako pale. Mwanamke mwenye adabu ataongeaje? Moloimet akasema wana alama ya ukoo masikioni, basi ni wake. Kesi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Watoto wangu wanne hawana maziwa mengine. Njoo unisemee."

Kesho yake Lukresia alimpeleka Karatu, kwa mwalimu wa kozi yao ya wasaidizi wa sheria. Huyo ni mzee Clemensi, karani wa mahakama mstaafu.

"Hawezi kukusemea," Clemensi alimwambia Naipanoi. "Mahakama ya mwanzo haina mawakili. Kila mtu anaeleza kesi yake. Nyumbani kunyamaza ni heshima. Lakini hakimu anaandika anachosikia. Wewe ulimpa nini aandike?"

"Hakuna," alijibu Naipanoi polepole.

"Una haki ya kusema. Una haki ya kuleta shahidi. Una haki ya kumwuliza maswali anayekupinga."

Lukresia akafikiri. "Alama ya sikio haisemi ng'ombe amezaliwa na nani. Wewe unajua?"

Naipanoi alimtazama kama aliyeulizwa majina ya wanawe. Akaanza kutaja: huyu mama yake yule, na bibi yake yule mwekundu aliyepewa siku ya kuolewa.

"Kaseme hayo hayo," alisema Clemensi.

Siku tatu walifanya mazoezi uani. Valeriani ndiye aliyekuwa Moloimet. "Mwanamke anajua nini habari za ng'ombe?" alimbeza. Siku ya kwanza Naipanoi aliinamisha kichwa. Siku ya tatu alimjibu mpaka Valeriani akarudi kwenye jembe lake.

"Siku hiyo utakaa wapi?" Naipanoi alimwuliza Lukresia.

"Benchi la mbele. Ukigeuka, utaniona."

Naipanoi alipokwisha kurudi kwao, tarehe ya mtihani wa kozi ikatangazwa. Ilikuwa Alhamisi ile ile. Atakayekosa atasubiri mwaka mzima.

"Umesoma miezi tisa," alisema Valeriani. "Utafanyaje?"

"Nimemwambia akigeuka ataniona."

"Basi nitakutafutia lori," alisema Valeriani.

Alhamisi hakimu aliuliza tena, "Mama, una la kusema?"

Naipanoi alisimama. Akageuka. Lukresia alikuwa palepale, benchi la mbele. Saa hiyo, Karatu, wenzake walikuwa wanafunua karatasi za mtihani.

Naipanoi akasema. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja, na mama yake, na mama wa mama yake. Hakimu aliandika mpaka akageuza ukurasa.

"Shemeji, kwa heshima," alimaliza. "Yule mweusi mwenye baka, mama yake ni yupi?"

Moloimet aliwatazama wazee. Wazee walitazama sakafu. Wote ni wafugaji, na walijua maana ya mtu kutomjua mama wa ng'ombe wake.

Hakimu akaamuru ng'ombe wote sita warudishwe.

Nje, Naipanoi alimshika Lukresia mikono yote miwili. "Na hao wenzako unaosoma nao, leo wako wapi?"

"Wako kwenye mtihani."

"Na wewe?"

"Wangu ni mwakani," alisema Lukresia. "Twende bomani. Nataka kumwona yule mweusi mwenye baka."