Mwanamke Aliyeshika Simu ya Wabwire

Mwaka wa tisini na tisa, siku ya soko, Busia ilijaa mpaka mtu anapumulia shingo ya mwenzake. Brendah wa Burumba, mtaa wa hapo hapo mjini, alikuwa ameinamia beseni yake ya samaki, leso ya manjano kiunoni, anafukuza nzi, wakati kijana mmoja alimkanyaga mguu. Alikuwa anatembea ameinua kitu juu ya kichwa.

"Boss, huoni watu?"

"Pole, dada. Natafuta network."

Ilikuwa simu ya mkono, nene kama mche wa sabuni, imefungwa na nailoni, magamba ya samaki yamekauka juu yake. Network yenyewe ilikuwa ya Uganda, inavuka boda bila kuulizwa kitambulisho. Brendah akafunika pua.

"Hiyo kitu unaweka kwa sikio? Ai! Inanuka utumbo ya samaki mbuta."

"Ni mimi nanuka. Simu haina makosa."

Brendah akacheka bila kupenda. Huyo ndiye Wabwire, mvuvi wa Sio Port, kando ya ziwa.

Sasa, mjue vile mambo ilikuwa huko ziwani. Mama akitaka samaki mzuri, pesa pekee haitoshi. Lazima akuwe na mvuvi wake, wanamuita jaboya, na huyo analipwa na mwili pia. Mama wa watu anapapaswa kama mbuta kwa mizani! Uchafu mtupu, mimi sina jina ingine. Okwara, mwenye boti ambayo Wabwire alikuwa anavulia, alimshika Brendah kiuno mbele ya watu, mikono bado inateleza damu ya samaki. Brendah alitema mate chini, akaenda na beseni tupu. Lakini Wabwire alikuwa anamuuzia fungu lake mwenyewe la samaki wa boti, bei ya kawaida, hata kidole hajamgusa. Hapo ndipo moyo ulianza kuyeyuka.

Wakawa wanaongea kwa simu. Brendah anavuka upande wa Uganda, kwa kibanda cha simu, anampigia.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitakula aje na wewe unakaa Burumba?"

"Muongo! Nasikia ukitafuna."

Siku moja, mchana, akapiga. Akajibu mwanamke.

"Wabwire analala. Nani huyu?"

Brendah akakata. Hata huyu! Kumbe naye ni jaboya wa mtu.

Kesho yake akashuka Sio Port na gauni ya bluu ya kanisa, ndio amwache akiwa mrembo. Alimpata ufuoni, anakunja nyavu.

"Wabwire, mwanamke gani anashika simu yako ukilala?"

Wavuvi wakapiga kelele. Wabwire akacheka pia, akatupa nyavu begani, akampeleka nyuma ya kibanda cha Anjeline, mama mzee anayewapikia. Betri ya gari ilikuwa chini, kati ya utumbo na nzi, na simu za wavuvi zimening'inia kwa misumari.

"Hapa hakuna stima," Anjeline akasema. "Na ziwani maji inaua simu. Ya Onyuka, mwenzao, ilizama. Kwa hivyo wananiachia nichaji, wakilala mchana baada ya kuvua, najibu. Mwanangu, mimi nimebaki na meno mawili, nitafanya nini na huyu?"

Brendah akaangalia chini, aibu imemshika. Lakini Okwara alikuwa amewafuata, tumbo mbele.

"Samaki ya boti yangu haiendi Burumba hivi hivi. Wabwire, kama unataka kazi, niachie huyu."

Brendah akamwangalia Wabwire. Hiyo boti ndiyo ilikuwa inamlisha Wabwire na mama yake, na Wabwire aliangalia tu hizo nyavu begani, mpaka Brendah akaanza kugeuka aende zake.

Wabwire akarusha nyavu kwa miguu ya Okwara.

"Vuta mwenyewe, mzee."

Walitembea mpaka barabarani.

"Sasa sina kazi," Wabwire akasema. "Hata samaki ya kukuletea sina."

"Kwa baba yangu usikuje na samaki," Brendah akasema. "Kuja na wazee."