Zima Pikipiki, Mama Atasikia

"Zima! Zima hapo hapo, mama atasikia!"

Gia akazima, na Mpima akashuka kiti cha nyuma. Pikipiki ikakohoa mara moja, ikanyamaza kwenye kona ya ukuta wa matofali, mita mia mbili kutoka kwa kina Mpima. Gia akavua kofia ngumu, akashika usukani, akaanza kuisukuma kupanda mwinuko, kama alivyofanya kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miaka miwili. Fundi pikipiki mzima, ambaye injini zake zinajulikana mji mzima, anasukuma chuma kama mtu aliyeishiwa mafuta. Mapenzi, bwana!

"Siku moja nitapata ngiri kwa ajili yako," alisema huku akihema.

"Nani alikutuma upende mtoto wa watu?"

"Mtoto wa watu mwenyewe alinikonyeza."

"Sikukukonyeza! Nilifumba jicho moja nipime. Nilikuwa kazini!"

Kweli alikuwa kazini. Mpima, kama wote walivyomwita, alikuwa mpima ardhi wa halmashauri, na siku waliyokutana alikuwa amepeleka vifaa vyake kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, chini kidogo ya nyumba yao. Chama cha waendesha pikipiki kilikuwa kimeomba eneo lile liwe uwanja wa mtaa: njia ya mbio za pikipiki, njia ndogo ya baiskeli za watoto, bwawa la kuogelea, na kivuli chenye mabenchi kwa familia. Gia ndiye katibu wa chama. Mchoro wote, hadi benchi la mwisho, ulitoka mkononi mwa Mpima.

"Kesho ndiyo kesho," alisema Gia. "Nyumba ishirini na sita zimesaini. Imebaki moja tu, na mwenyekiti hataki kunitajia ya nani."

"Itasaini," alijibu Mpima, macho kwenye tairi.

"Isiposaini, machimbo anapewa mfanyabiashara mmoja wa saruji ajenge maghala. Ikisaini, Jumapili naleta wazee wangu kwenu. Kwa mlango wa mbele! Nimechoka kuingia kwenu kama paka."

Nyumba hiyo Mpima aliijua. Tangu Jumatatu alikuwa ameiona fomu ofisini, na kwenye mstari wa ishirini na saba kulikuwa na mwandiko anaoujua kuliko wake mwenyewe: "Napinga. Sababu nitaisema mkutanoni." Mwandiko wa mama yake.

Waliegesha pikipiki nyuma ya stoo, wakazunguka hadi barazani. Mama alikuwa ameinamia cherehani, anapinda pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa miguu tena?"

"Ndiyo, mama. Mazoezi."

"Hongera. Jasho lenyewe linaonekana."

Gia alikunywa chai, akaaga mapema. Alikuwa na kikao cha mwisho na mwenyekiti.

Saa moja haikupita, simu ya Mpima ikatoa mlio wa ujumbe.

"Mwenyekiti amenitajia nyumba. Ulikuwa unajua?"

Mpima akaandika: "Nilijua tangu Jumatatu. Niliogopa kukuambia. Nisamehe."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Siku nne unaniangalia usoni nikijenga ndoto! Kesho nitaeleza mchoro wako, halafu nitakaa mbali na nyumba yenu. Mama asiyetaka pikipiki atamtakaje fundi pikipiki?"

Mpima akampigia. Akapiga tena. Namba haipatikani. Mpima akaenda kuosha vyombo ili machozi yapate pa kujificha.

"Nani kakuliza?" Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Moshi, mama."

"Jiko la gesi nalo lina moshi?"

Mpima akaweka sahani chini. "Mama, kwa nini hukusaini?"

"Neno la mkutanoni halisemwi jikoni. Suuza vizuri hiyo sufuria."

Asubuhi ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mchoro ulibandikwa ubaoni, na Gia akaueleza vizuri, njia hii, bwawa lile, lakini sauti yake ilikuwa kavu na hakumtazama Mpima hata mara moja. Mpima aliumia. Miaka miwili alizoea kutafutwa na macho yale popote alipo, na leo yanampita kama nguzo.

"Nyumba namba ishirini na saba," aliita mwenyekiti. "Mama, karibu utupe sababu."

Mama akasimama, akatengeneza mtandio.

"Mimi na uwanja hatuna ugomvi. Nina ugomvi na katibu."

Ukumbi ukanong'ona. Gia akajishika kifua. "Na mimi, mama?"

"Na wewe. Una pikipiki?"

"Ninayo, mama."

"Kwangu unakuja na nini?"

Gia akatazama sakafu. "Na pikipiki, mama. Ila... naisukuma."

Watu wakaangua kicheko. Mpima hakuweza kuvumilia, akainuka.

"Kosa ni langu, mama! Mimi ndiye niliyemwambia hupendi kelele za pikipiki."

"Nilikuambia lini?"

"Hukuniambia. Lakini baba alipofariki uliifunika pikipiki yake na turubai, hukuitaja tena."

"Niliifunika isipate vumbi!"

Hapo hata mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Mama peke yake hakucheka. Alingoja watulie.

"Nisikilizeni. Marehemu mume wangu akifika kona ile, nasikia mlio wake, nabandika maji ya chai. Yakichemka, yuko mlangoni. Miaka ishirini tuliishi hivyo. Sasa kila Jumanne na kila Ijumaa nasikia injini inafika kona, nanyanyuka kitini. Inakatika. Nakaa. Miaka miwili, mwanangu, unanisimamisha na kunikalisha!"

Mpima, anayepima mashamba ya watu mpaka sentimita ya mwisho, upweke wa mama yake, chumba cha pili tu, hakuwahi kuupima.

"Nikajiambia," mama akaendelea, "mwanaume anayezima injini kwenye kona yangu, ama ana mke mahali, ama hana nia ya kufika. Uwanja wa pikipiki siwezi kuukabidhi kwa mtu anayeionea haya pikipiki yake. Aje kwangu na mlio wake mpaka mlangoni, na hapo mlangoni nitasaini. Nimemaliza."

Mwenyekiti akatazama saa. "Fomu inafungwa saa sita kamili. Sasa ni saa tano na nusu."

"Basi nipeni robo saa nitangulie," alisema mama, akabeba mkoba wake. "Na lifti sitaki."

Nje, chini ya ukuta wa shule, Gia na Mpima walisimama na pikipiki katikati yao.

"Ungeniambia Jumatatu," alisema Gia.

"Niliogopa utaniacha."

"Na mimi nikakuacha Ijumaa kwa meseji. Mtu mzima ovyo!" Akajikuna kisogo. "Nisamehe. Usiku kucha nilikuwa nasoma meseji zako za zamani."

"Ulizima simu."

"Chaji iliisha kwa kuzisoma."

Mpima akacheka huku anafuta machozi. "Sitakuficha tena jambo. Hata likiwa chungu."

"Hata la mama?"

"La mama ndiyo kabisa. Umeona mwenyewe gharama yake."

Gia akamvalisha kofia ngumu, akamfunga kamba ya kidevu taratibu. Mpima akaificha fomu ndani ya koti, akapanda nyuma, akamshika kiunoni.

Injini ikanguruma. Watu wakatoka ukumbini kushangilia, na wawili hao wakapita barabara ya machimbo, uwanja mtupu wa kokoto ukiwa kulia kwao. Kona ya ukuta wa matofali ikafika. Mazoea yana taabu! Mkono wa Gia ukaenda wenyewe kwenye swichi.

"Usizime!" Mpima akapiga kelele sikioni mwake. "Gia, usizime!"

Gia akavuta mafuta. Mwinuko ule alioupanda kwa miguu miaka miwili waliumaliza kwa pumzi chache, kuku wa jirani wakaruka juu ya ua, na pikipiki ikasimama mbele kabisa ya mlango wa mbele.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alitoka na kalamu mkononi, akachukua fomu, akaitandika juu ya kiti cha pikipiki ambayo bado ilikuwa inanguruma, akasaini.

"Wazee wako kesho watakuja saa ngapi?"

"Mama, nani kakuambia?"

"Mnanong'onezana nyuma ya stoo yangu miaka miwili, mkadhani mimi ni kiziwi?"

Akampa Mpima fomu, akampapasa shavu. Kisha akaiwekea pikipiki kiganja kwenye tangi, akakiacha hapo kidogo, macho yamemlowa na uso unatabasamu.

"Sasa zima, mwanangu," alisema. "Maji yamechemka."