Watu wa Jumamosi

Kila siku akitoka shule, Chiriku hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatundika mkoba wake kwenye msumari wa mlango wa karakana, akavaa aproni iliyomfika karibu na vifundo vya miguu, kisha akaanza kuongea. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Mjomba wake ndiye aliyembandika hilo la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Haya, taarifa ya habari imeanza," Mjomba angesema bila kuinua macho kwenye randa. "Leo nani kagombana, nani kalia, na nani kasinzia darasani?"

Chiriku angesimulia yote huku akisugua mguu wa kiti kwa msasa. Mjomba alikuwa seremala, mdogo wake mama. Alitengeneza vitanda, meza na milango, na alikuwa na utani na kila kitu, hata mbao. Ubao ukikataa kunyooka aliuambia, "Wewe umechukua ukaidi wa dada yangu." Mama, aliyefanya kazi katika tanuri la mikate na kurudi mchana na unga mpaka kwenye nyusi, alimjibu kupitia dirishani. Bibi naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha utani ukaanza kupungua. Mjomba akawa hapati usingizi. Alikaa karakanani na patasi mkononi bila kuchonga chochote, na Chiriku akimaliza kusimulia habari zake, aligundua kwamba Mjomba hakusikia hata moja. Wateja walikuja kuulizia vitanda vyao wakarudi mikono mitupu. Hatimaye hakutoka kabisa chumbani. Mama na Bibi walimpeleka hospitali, akalazwa.

Daktari alieleza kwamba ni sonona, ugonjwa wa akili unaomnyima mtu nguvu, usingizi na furaha, na kwamba unatibika. Mjomba aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa usoni, na ana dawa za kumeza. Alikula kidogo, akajibu akiulizwa, lakini karakana ilibaki imefungwa.

Chiriku alimpenda mjomba wake kuliko alivyoweza kusema, naye si mtu wa kukosa maneno. Lakini shuleni alikuwa amesikia jinsi watoto walivyowacheka watu wenye magonjwa ya akili. Kwa hiyo rafiki yake wa dawati moja, msichana mrefu aliyeitwa Ngongoti, alipomuuliza, "Mbona karakana ya mjomba wako imefungwa?" Chiriku alijibu haraka, "Amesafiri. Anatengeneza milango ya hoteli."

"Hoteli kubwa?"

"Kubwa mno. Ina ghorofa nyingi hata sijui ngapi."

Kuanzia hapo hoteli ile ikawa inakua kila wiki. Ikapata bustani, kisha bwawa la kuogelea.

Siku moja muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akipita kumjulia hali Mjomba, aliketi na familia sebuleni. "Endelea na dawa, usiziache bila kutuuliza," alimwambia Mjomba. "Lakini dawa zisiwe rafiki yako wa pekee. Kuna kikundi kinakutana kila Jumamosi asubuhi, chumba cha nyuma pale maktaba ya umma. Wote ni watu waliopitia ulichopitia. Hakuna kiingilio wala mtihani."

Mjomba aliangalia vidole vyake. Kisha alisema, "Nitakwenda, Chiriku akinisindikiza."

Mama aligeuka upande wa dirisha, akajifanya anarekebisha pazia.

Jumamosi ilipofika, Mjomba alioga, akavaa shati lililokuwa limeanza kumpwaya, wakatoka. Alitembea taratibu, kama mtu anayejifunza upya barabara. Chiriku alimshika mkono na kumsimulia habari za shule, na walipokaribia maktaba Mjomba alisema, "Na nani kasinzia?" Chiriku alitaka kurukaruka kwa furaha.

Hapo ndipo Ngongoti alipotokea kwenye kona, na wenzao wawili wa darasa lao.

"Chiriku! Unakwenda wapi?" Ngongoti alimtazama Mjomba kuanzia ndevu mpaka viatu. Hakumtambua. "Huyu nani?"

Mbele ya macho ya Chiriku ilipita ile hoteli nzima, pamoja na bwawa lake. Mkono wake, kana kwamba una akili yake, ukauachia mkono wa Mjomba.

"Simjui," alisema. "Ni mgonjwa tu, aliuliza njia ya zahanati."

Wenzake walipita wakicheka mambo yao. Chiriku hakuthubutu kugeuka. Alipogeuka, Mjomba alikuwa amesimama palepale, ameinamisha kichwa.

"Turudi nyumbani, mwanangu," alisema kwa upole. "Nimechoka."

Angemfokea ingekuwa afadhali.

Baada ya siku ile, Mjomba alijifungia tena. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda, na Bibi alilazimika kumbembeleza kama mtoto mchanga ili ameze dawa. Mama alikuja na mikate ya moto, ile Mjomba aliyoipenda tangu utotoni, ikakaa mezani mpaka ikawa migumu. Hakuna aliyejua kilichotokea njiani, kwa kuwa Mjomba hakusema. Na Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu ajue kutamka, alinyamaza.

Bibi alivumilia, kisha akavunja kimya. Alimwita Chiriku uani, akampa ungo wa maharage wayachague pamoja.

"Katika nyumba hii nina wagonjwa wangapi?" aliuliza. "Mjomba wako hasemi, najua ni ugonjwa. Wewe je?"

Chiriku alijaribu kujikaza, lakini machozi yalitangulia. Akaeleza yote: hoteli, kona, na neno lile. "Nilimkana, Bibi. Nilisema simjui. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na nikasema simjui."

Bibi hakumkaripia. Aliokota kijiwe kutoka kwenye maharage, akakitupa. "Umekosea, tena sana," alisema. "Lakini makosa kama haya hayarekebishwi kwa kulia uani. Mlango wa chumba chake uko pale."

Chiriku alikwenda. Aligonga, akaingia. Mjomba alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Mjomba, nisamehe. Niliona aibu. Wewe hukufanya lolote la aibu; mimi ndiye niliyefanya."

Kitanda kililia. Mjomba alijigeuza polepole. "Hata mimi nilijionea aibu," alisema kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika. "Nilipokusikia, nilidhani una haki." Alimpapasa kichwa. "Nimekusamehe. Ila kwenda kule... nguvu sina, mwanangu."

Alimsamehe kweli, lakini kitandani hakutoka. Chiriku akaelewa kwamba kuomba radhi ni jambo moja, na kumsaidia mgonjwa ni jingine. Jumamosi iliyofuata alimwomba Bibi ruhusa, wakaongozana hadi maktaba.

Katika chumba cha nyuma walikuta watu wameketi kwenye mabenchi wakinywa chai: kinyozi, mwalimu mstaafu, kijana wa chuo na wengine. Chiriku alitazamia kuona watu wenye huzuni, lakini wengine walikuwa wakicheka. Mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira aliinuka kuwapokea. Alikuwa dereva wa lori la taka la manispaa, na watu walimwita Mama Breki, kwa kuwa breki za lori lake zilipiga kelele kuamsha mtaa mzima.

Chiriku alimweleza habari za mjomba wake bila kuficha sehemu yake mwenyewe. Mama Breki alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatumburuti mtu," alisema. "Lakini asiyeweza kuja kwetu, sisi tunaweza kwenda kwake. Mwulize kama ataniruhusu kupita siku ya taka. Akikataa, nitachukua taka zenu niondoke."

Mjomba alipoulizwa, aliinua bega. "Apite," alisema, "ila sitaongea."

Siku ya taka, breki zililia mtaani. Mama Breki alivua glavu, akanawa mikono na uso, akaomba kigoda na kuketi nje ya mlango wa chumba cha Mjomba, ulioachwa wazi kidogo.

"Habari yako, kaka. Usijisumbue kunijibu," alisema. "Mimi baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili niliugua kama wewe. Nililala mpaka godoro likachukua umbo langu. Na umbo langu unaliona, godoro lile halikuwa na bahati."

Chumbani ikasikika sauti ndogo, mtu akitoa pumzi puani. Chiriku, aliyekuwa jikoni na Bibi, alimkamata Bibi mkono. Mjomba alikuwa amecheka.

"Watu waliniambia nijikaze," Mama Breki aliendelea. "Nikajikaza nikashindwa, nikajichukia zaidi. Kilichonisaidia ni dawa, na dada mmoja wa kikundi aliyekuja kukaa nami. Hakunihubiria. Alikaa tu. Basi na mimi nimekuja kukaa. Nina dakika chache kabla msimamizi wangu hajaanza kunitafuta."

Alikaa, kisha akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi, na safari hii Mjomba alitoka akaketi kizingitini. Walizungumza kwa sauti ya chini, na Bibi alimzuia Chiriku asitege sikio, jambo lililomgharimu Chiriku juhudi kubwa.

Shuleni nako kulikuwa na kazi ya kumaliza. Chiriku alimsubiri Ngongoti wakati wa mapumziko.

"Yule mtu uliyeniuliza pale kwenye kona ni mjomba wangu," alisema. "Hajasafiri. Anaumwa sonona, na anatibiwa. Nilikudanganya."

Ngongoti alikunja uso. "Kwa hiyo hoteli hakuna?"

"Hakuna."

"Na bwawa?"

"Hata bwawa."

"Nimeshamwambia baba atupeleke!" Ngongoti alinuna kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Atapona?"

"Anaendelea vizuri. Inachukua muda."

Mvulana mmoja aliyekuwa karibu alianza kuzungusha kidole kichwani na kucheka. Ngongoti alimgeukia na urefu wake wote. "Wewe ulipovunjika mkono tulikucheka?" Mvulana akashusha kidole. Huo haukuwa mwisho wa maneno, kwani wapo walioendelea kunong'ona kwa siku kadhaa. Lakini Chiriku aligundua kwamba minong'ono hiyo ilikuwa myepesi kuibeba kuliko ile hoteli.

Jumamosi moja Mjomba alinyoa ndevu, akasema yuko tayari. Walikwenda wote, Mama akiwa bado ananukia mikate. Ndani ya chumba cha maktaba Mjomba hakusema neno. Alikaa akisikiliza wengine, na benchi alilokalia likawa linalia kwii kila mtu akijisogeza. Mwisho wa kikao aliinama, akalipindua, akatazama viungo vyake na kutikisa kichwa. "Aliyepiga msumari huu," alisema, "alikuwa amemkasirikia mtu." Chumba kizima kikaangua kicheko.

Safari iliyofuata alikwenda na nyundo na gundi. Na huku akigongagonga, akaanza kusimulia.

Haikuwa njia iliyonyooka. Kulikuwa na siku alizorudi kulala mchana kutwa, na Mama akaingiwa na hofu. Siku hizo kinyozi wa kikundi alikuja kuketi naye, au muuguzi alipita kuangalia dawa. Kisha ilitokea siku nyingine, nzuri zaidi. Karakana ikafunguliwa asubuhi tu, baadaye asubuhi na jioni. Wateja wakapata vitanda vyao, wengine wakiwa wameshanunua vingine.

Ikaja siku ya taka, breki zikalia. Mama Breki hakushuka. Alichungulia dirishani mwa lori.

"Kaka, kuna kijana mtaa wa pili, fundi baiskeli. Hajatoka chumbani. Mama yake ameniomba. Nimeona wewe atakusikiliza zaidi yangu."

Mjomba aliweka randa chini. "Nitamwambia nini?"

"Wewe ulitaka uambiwe nini?"

Mjomba alifikiri, akajipangusa unga wa mbao mikononi. Akapanda, akaketi kando ya dereva. Lori liliondoka likitikisika, na kabla halijakata kona walimsikia akimwambia Mama Breki kwamba breki zile zinahitaji kuonewa huruma.

Chiriku na Bibi walibaki wamesimama langoni.

"Bibi, Mjomba amepona kabisa?"

"Anaendelea kupona," Bibi alisema. "Akili huugua kama mguu au tumbo linavyougua, wala si kosa la mtu wala aibu ya ukoo. Hospitali ilimpa matibabu, sisi tulimpa chakula na mapenzi. Lakini watu wa Jumamosi walimpa kitu ambacho mimi sikuwa nacho: walikuwa wamepita njia ile ile. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukimwona mtu anaumwa hivyo, usimcheke wala usimfiche. Mshike mkono hadharani, umpeleke penye msaada. Na siku ukiumwa wewe, usinyamaze. Sema."

"Mimi ninyamaze, Bibi?"

Bibi alimtazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha wakaingia ndani kumwekea Mjomba chakula, maana kazi aliyokwenda kuifanya ilikuwa nzito, na angerudi na njaa.